Nilitaka Orhan Afe

Sikuwa na ugomvi na Orhan. Alikuwa kijana wa kwenye televisheni, Mturuki, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na katika tamthilia yake hakuwahi kumkosea mtu. Lakini nilitaka afe. Nilitaka afe jioni, wapangaji wote tukiwa uani, ili nami nipate pa kulilia.

Naeleza mapema nisije nikaonekana mchawi. Mwanangu Steven alikwenda Sauzi akiwa bado kijana mdogo. Aliyempokea kule na kumpa kazi dukani alikuwa Mmsumbiji, na karatasi alizomtafutia zilikuwa za Kimsumbiji, kwa hiyo mwanangu akawa Estevao kwa wenyeji, akabaki Steven kwangu kwenye simu. Mwaka juzi kundi la watu lilichoma maduka ya wageni katika mtaa aliokuwa akikaa. Rafiki yake akanipigia. "Mama, duka limeungua. Steven alikuwa ndani. Sikumwona akitoka." Simu ikakatika, na namba ile haijapatikana tena.

Kote nilikouliza nilijibiwa kwa adabu kwamba hakuna Mtanzania wa jina hilo aliyefariki kule. Ni kweli, hakuna. Kama alizikwa, alizikwa Mmsumbiji.

Tangu siku hiyo sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu, wengine wanasema nina imani, lakini mimi sina hata kimoja. Ukikalia mguu muda mrefu unajua ganzi ilivyo: unaugusa, unaona kwa macho kwamba unaugusa, lakini mguu ni kama wa jirani. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikuwa nakwenda Mtaa wa Mchikichi kuuza korosho na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, narudi, napika, nakula, nalala. Ukiniuliza chakula kilikuwaje nitakwambia kilikuwa cha moto.

Jambo lingeishia hapo kama si kwetu Masasi. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na mjomba wa Steven ni kaka yangu Shomari. Yeye alibaki na dini ya baba, mimi nikabatizwa na wamisionari wa Ndanda, na hilo halijawahi kutugombanisha. Shomari alitaka tuweke msiba, tuzike nguo zake, jina lake lipumzike. Ila katika ukoo wetu mwanamume hafungui msiba. Mama ndiye anayepiga ukunga wa kwanza, wanawake wanamwitikia, ndipo wanaume wanatafuta majembe. Kila mwisho wa wiki Shomari alikuwa ananipigia.

"Dada, vipi?"

"Bado, kaka."

"Sisi tupo. Tunakusubiri."

Alikuwa mgonjwa wa kifua, na kila simu kikohozi kilikuwa kirefu kuliko maneno. Nilijua anataka amzike mpwa wake kabla hajazikwa yeye. Nilijaribu. Nilifunga mlango wa chumba changu nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Pale tunapokaa, Mtaa wa Sikukuu, hakuna aliyeweza kunisaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema neno lenyewe. Wangesema Steven amekufa wangekuwa wanamchuria. Vipi kama yuko hai? Uchuro ungempata kule kule aliko, na aliyesema angebeba dhambi yake. Basi wakawa wananiambia "Mungu mkubwa", "atatokea tu", "wa kwetu mmoja alitokea baada ya miaka kenda". Niliwachoka. Mtu ukimchoka na huku huna hata nguvu ya kumkasirikia ni mzigo mzito sana.

Sasa kuhusu hiyo tamthilia. Nyumba tunayopanga ni ya Mzee Saif, ana duka la vitambaa upande wa mbele, sisi wapangaji tuko nyuma. Binti yake Zeina ndiye aliyekuwa akimtia sauti Mama Gulten, mama yake Orhan. Wale Waturuki wanazungumza Kituruki chao, Zeina anakwenda studio Kinondoni, anavaa vile vya masikioni, anamsemea mama wa watu kwa Kiswahili, nasi tunamsikia usiku. Na si kusema tu. Tafsiri zinaletwa na vijana wengine, zimekakamaa, yeye ndiye anayezinyoosha ziingie mdomoni. Pombe anaigeuza juisi, kimada anamgeuza mchumba. Anasema hiyo ndiyo kazi, usimletee mtu nyumbani kwake kitu kitakachomfanya azime.

Babu yake Zeina alitoka Omani. Zeina mwenyewe hajawahi kuvuka maji yoyote zaidi ya yale ya pantoni ya Magogoni, lakini wiki haipiti bila mteja kumwuliza pale dukani kwao hasa ni wapi. Kaka yake Mazin alihamia Maskati, na huko wanamwita Mzanzibari, yeye ambaye hajawahi kulala Unguja hata usiku mmoja. Zeina akisimulia hayo hucheka. Kisha jioni unamsikia kwenye televisheni akisema, kwa sauti ya Mama Gulten, "Mwanangu, damu yako ni ya udongo huu!"

Maana Mama Gulten hakuwa na dogo. Orhan alikwenda Ujerumani kufanya kazi ya ujenzi, na kila alipopiga simu mama yake alitoka nje, akachota udongo wa uwanjani, akausogeza kwenye simu eti mtoto anuse kwao. Bendera ilikuwa inapepea nyuma hata pasipokuwa na upepo. Kwenye tamthilia mtu akihama, muziki unaanza kabla hajafunga begi. Mama anaanguka kituoni, chozi linashuka moja, tena kwenye shavu la upande wa kamera.

Mimi Steven alipoondoka nilimgombeza kwa kuvaa soksi zenye tundu. Alipanda basi la Tunduma, nikamwambia asilale mdomo wazi dirishani. Basi liliondoka nikiwa nimegeuka kumfokea mtu aliyekanyaga mfuko wangu, na nilipogeuka tena lilikuwa limeshashika barabara. Hakuna muziki uliopigwa.

Lakini watu walilia. Hilo ndilo nililolitamani. Leticia, mpangaji mwenzangu wa kutoka Songea mwenye saluni, alikuwa analia mpaka wanja unamfika kidevuni. Winifrida, mpangaji mwingine, naye vilevile. Hakuna aliyewauliza wanamlilia nani. Magharibi televisheni inatolewa nje, jamvi linatandikwa, watu wanalia mpaka wanaridhika, kisha wanaosha vyombo. Nikawaza, Orhan akifa, pale uani patakuwa na msiba kamili, na katika msiba wa wengi sauti moja haiulizwi imetoka wapi. Ningepiga ukunga wangu mle mle ndani ya wa kwao. Ukunga ukishatoka mara moja, utajua njia.

Dalili tulizipata kwa koo la Zeina. Sehemu zinarekodiwa wiki kadhaa kabla hazijaonyeshwa, naye huwa hatoboi siri hata umpe biriani. Lakini sauti humsaliti. Akirudi imekauka, tunajua kuna mtu amekufa Uturuki. Siku moja alirudi hana sauti kabisa, akawa anaomba tangawizi kwa ishara za mikono. Leticia akashika kichwa.

"Zeina, niambie siyo Orhan. Usinifanyie hivyo, sitalala mie!"

Zeina akatikisa kichwa bila kusema ndiyo wala siyo. Kisha akanitazama mimi, kwa muda, halafu akaingia ndani. Mimi nilihesabu kwamba nimepata.

Tangu hapo niliishi kama mtu anayesubiri mgeni. Nilifua kaniki yangu ya msiba. Shomari alipopiga nilimwambia, "Kaka, sasa ni karibu," na nikamsikia akishusha pumzi. Nilijua nafanya jambo la ajabu, kumsubiri mtoto wa mwenzangu afe. Nilijisemea kwamba mama yake ni picha tu, tena picha yenye makeke.

Jioni ilipofika nilikaa mbele kabisa. Winifrida alileta khanga ya kujifutia, Leticia hakupaka wanja. Mzee Saif naye alitoka akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, maana hata yeye alikuwa mshabiki ingawa alijifanya amefuata upepo. Zeina hakuwepo, alisema ana kazi.

Mama Gulten alikuwa akipepeta mchele. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume, amevaa koti, ameshika koti jingine mkononi, nasi sote tulilitambua koti lile kuwa la Orhan. Winifrida akaanza kulia kabla mtu hajasema neno. Mimi kifua kikajaa, nakwambia ukweli. Kitu kilisogea. Nikafungua mdomo nikawa tayari.

Yule mwanamume akasema, kwa sauti ya kijana mwingine wa studio, "Mama, Orhan ameanguka kutoka ghorofani. Amelazwa hospitali. Anapumua."

Mama Gulten alimtazama mtu yule, midomo ikacheza kidogo, sauti ya Zeina ikasema, "Alhamdulilahi." Kisha mama yule akaanguka magotini. Akararua kitambaa cha kichwani. Akajipiga kifua, akapiga kichwa kwenye mlango, mdomo umefunguka mpaka unaona magego, na juu ya mdomo ule sauti ya Zeina ikasema, "Mungu wangu nakushukuru! Mwanangu yu hai! Yu hai!"

Nadhani kila mtu aliona. Ule uso haukuwa wa mama aliyeambiwa mwanawe anapumua. Lakini sauti ni sauti, na watu husadiki kile wanachotaka. Leticia akarukaruka.

"Machozi ya furaha hayo! Jamani kapona! Nilijua mie, hawawezi kumuua staringi!"

Vigelegele vikapigwa. Halafu, mmoja mmoja, wakageuka kunitazama. Leticia akanikumbatia, anatetemeka kwa furaha. "Umeona, Mama Steven? Umeona? Hii ni ishara. Na wako anarudi." Winifrida akanifuta uso kwa khanga yake, ingawa uso wangu ulikuwa mkavu. Mzee Saif akasema, "Inshallah, inshallah." Nami nilikaa pale katikati nikipongezwa, mdomo bado wazi, na kile kilichosogea kifuani kikarudi mahali pake kikalala.

Nilienda kuosha vyombo.

Asubuhi nilikuwa barazani nikichambua korosho, zilizovunjika nikizitenga na nzima, Zeina akaja akachuchumaa karibu yangu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

"Shikamoo, Mama Steven."

"Marahaba."

"Jana uliangalia?"

"Niliangalia."

Akachezea korosho moja. "Nikwambie kitu, ila kisitoke hapa. Kwenye ile ya kwao Orhan alikufa. Nilirekodi vile vile ilivyo, ndiyo ile siku nilirudi sina sauti. Lakini nilipofika nyumbani nikakuona umekaa pale, nikashindwa. Nikasema, nitamwambiaje Mama Steven jambo hili, kwa mdomo wangu, mbele ya watu? Sauti iliporudi nikamwomba prodyuza turudie. Nikamwambia watazamaji wa huku watazima. Orhan mwenyewe haonekani tena mpaka mwisho, maziko tumeyakata, watasema tu yuko hospitali." Akatabasamu. "Nilikufanyia wewe, mama."

Nilimtazama binti huyu niliyemwona akizaliwa, niliyemfunga nepi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia kitu chenye jina. Kilikuwa hasira.

"Nani alikutuma?"

Tabasamu likamtoka. "Mama Steven..."

"Nilimsubiri afe, Zeina. Nilifua nguo. Kaka yangu yuko Masasi na mapafu yake yale anasubiri nilie ili amzike mwanangu, na mimi silii, siwezi, na nyie hapa mnaogopa hata kulitaja jambo. Nikasema basi nitalia na Mama Gulten. Wewe ukanipa hospitali."

Alibaki amechuchumaa. Machozi yalianza kumtoka yeye, kwa wepesi, kama wanavyolia watu wenye afya. Nilimwonea wivu.

"Alisemaje?" nikamwuliza. "Yule mama. Kwenye ile ya kwao. Pale uliposema alhamdulilahi."

Zeina akafuta pua. "Hakusema kitu cha maana. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kubadilisha. Yule mtu alimwambia Orhan amekufa, naye akajibu, 'Basi ingia, mlango unaingiza baridi.' Halafu ndipo akaanguka."

Mikono yangu ilisimama kwenye ungo. Vipindi chungu nzima mama yule alikuwa ananusisha udongo kwenye simu, nami nikimcheka. Kumbe siku yenyewe ilipofika alisema neno kama langu. Mimi rafiki yake Steven aliponiambia hakumwona akitoka, nilimjibu, "Haya, asante kwa kunipigia."

"Zeina," nikasema. "Steven amekufa."

Akaniziba mdomo kwa kiganja, mkono mzima, kama ninatapika. "Usimchurie, mama! Usimchurie mtoto!"

Niliutoa mkono wake taratibu. "Anachuriwa aliye hai. Mimi ndiye mama yake na nimesema. Sasa nisaidie. Koo lako linajua, langu limekufa. Utalia badala yangu."

Alielewa polepole. Alikataa, akasema ni dhambi, akasema baba yake atamfukuza, akasema yeye ni mtoto wa Kiarabu, ukoo wa Masasi utamtambuaje. Nikamwambia ukoo wa Masasi hauoni kwenye simu, unasikia tu. Kama anaweza kuwa Mturuki kila jioni, asubuhi moja atashindwaje kuwa Mmakua?

Alijaribu kwanza kwa sauti ya chini. Ilitoka ya Mama Gulten, ndefu, yenye madaha, na nikamkataza.

"Siyo hiyo. Hiyo inataka kamera. Kwetu tunaanza na jina. Unaliita kama unamwita mtoto aliye mbali shambani aje kula, naye haitiki. Unaita tena. Asipoitika ndipo unapojua."

Akafumba macho kitambo. Nikapiga simu, nikaweka spika. Shomari akapokea kwa kikohozi.

"Kaka," nikasema, "waite wanawake."

Hakuuliza. Nilisikia ndala zake, mlango, kuku, kisha akiita majina ya dada zetu na wake zake, na miguu ikikusanyika. "Wapo," akasema. Nikasogeza simu kwenye mdomo wa Zeina.

"Steven!" akaita.

Haikuwa sauti ya Mama Gulten, wala haikuwa ya Zeina. Ilikuwa yangu. Namna ninavyovuta maneno, kile kikwaruzo ninachokuwa nacho asubuhi, alivichukua vyote. Amekua akinisikia nikiita watu katika nyumba hii tangu hajajua kutembea. Nilisimama nikajisikia nikimwita mwanangu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu sauti yangu ikapasuka kwenye koo la mtu mwingine.

"Steven, mwanangu weee! Steven, nani atanizika mimi! Umelala wapi, baba, umelala kwa jina la nani!"

Hayo ya jina sikumfundisha. Aliyatoa mwenyewe, na hapo hakuwa anaigiza tena, alikuwa ameinamia ungo wa korosho anatetemeka mabega.

Leticia alipiga kelele kutoka chumbani kwake, na kicheko ndani yake. "Wee Zeina, asubuhi yote hii! Nani tena kafa?"

"Steven," nikamjibu.

Mlango wake ulifunguka. Alisimama na mswaki mdomoni, povu linamchuruzika, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama nimenyoosha mkono wenye simu. Hakusema namchuria. Alikaa chini pale pale kizingitini. Mzee Saif alitokea upande wa duka na futi ya vitambaa shingoni, akasikia, akaivua kofia yake akaishika mkononi.

Kutoka kwenye simu wanawake wa kwetu wakaitikia. Kwanza mmoja, mzee, nadhani dada yangu mkubwa, kisha wote, mpaka spika ikawa inakwaruza. Katikati yao nikamsikia Shomari amesogea karibu na simu.

"Tumekusikia, dada," akasema, anahema. "Pole. Tumekusikia. Tunaanza."

Sijui kama alitambua. Anaijua sauti yangu tangu sijaota meno.

Zeina alikuwa amenyamaza, amejifunika uso kwa ushungi. Nilikaa sakafuni kando yake, nikaweka simu gotini. Walikuwa wakimlilia kwa zamu, kila mmoja na kumbukumbu yake: aliyewaibia maembe, aliyeimba kanisani bila kujua maneno, aliyekuwa na miguu ya baba yake. Macho yangu yalikuwa makavu kama jana na kama juzi. Lakini walikuwa wakimwita Steven, hakuna aliyemwita Estevao, na nikawasikiliza mpaka chaji ikaisha.